Kongole kwa mafundi wa PowerPC

Ndani ya Linux kuna mlinzi aitwaye seccomp, aliyeanza kazi 2005. Huizuia programu isiombe kiini cha mfumo endeshi huduma isizoruhusiwa. Majaribio yake yakifeli kwenye prosesa ya PowerPC, wengi hudhani mlinzi kalala. Kumbe pengine kosa ni la mpimaji.

Kwenye kompyuta tulizozizoea, za Intel na AMD, kiini kikikataa ombi hurudisha namba hasi. PowerPC ina desturi yake ya zamani: namba ya kosa hubaki chanya katika rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, na biti moja katika rejista nyingine huwashwa. Jaribio lililoandikwa kwa mazoea ya Intel lilikuwa likipeleka namba hasi huko, likaambulia patupu. Mwaka 2020 likarekebishwa. Mistari michache tu!

Kongole kwa mafundi waliolirekebisha. Ingekuwa rahisi kuliruka jaribio na kwenda kulala. Wao hufungua kitabu cha prosesa ambayo jirani zao hawajawahi kuigusa, na kufuata rejista moja baada ya nyingine. Wakimaliza huhamia prosesa ya s390 ya IBM, ambako jaribio huikuta namba ya ombi na jibu lake katika rejista ileile. Hapo ndipo utajua hujui.