Ustadi wa Kulegeza Waya

Waya wa umeme uliofungwa na fundi mahiri haunyooki moja kwa moja kati ya nguzo na nguzo. Hulegea kidogo, ukajipinda kwa upole katikati. Mpita njia hudhani ni uzembe, kumbe hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe.

Nimewahi kumtazama mzee mmoja wa laini akifanya kazi hiyo na vijana wake, kando ya barabara ya Morogoro. Kwanza aliuliza kipimo cha joto, akapitia jedwali lake lililochakaa. Kisha akapanda, akapigilia ubao mwembamba kwenye nguzo, chini ya mahali waya utakapokaa. Mwenzake akapigilia ubao mwingine kwenye nguzo ya mbele, kwa kipimo kilekile. Mzee akajifunga mkanda, akaweka jicho usawa wa ubao wake na kuutazama ule wa pili. Vijana wakaanza kuvuta. Waya uliokuwa umening'inia ukapanda taratibu, na tumbo lake lilipogusa mstari wa macho yake akainua ngumi. Wote wakasimama. Hapakuwa na kelele wala ubishi.

Kwa nini umakini wote huo? Kwa sababu waya wa alumini hurefuka kwenye joto na kufupika kwenye baridi. Waya uliokazwa kupita kiasi wakati wa jua la mchana, ukikutwa na baridi ya alfajiri ya Mufindi, utavuta nguzo au kukatika. Ukilegezwa mno, utashukia miti na vichwa vya watu, au utayumbishwa na upepo hadi uguse mwenzake na kutoa cheche. Fundi hufunga waya leo akifikiria hali ya hewa ya mwaka mzima.

Mikono ya namna hiyo ndiyo iliyotuletea umeme wa Kidatu tangu mwaka 1975. Maji ya Ruaha Mkuu huzungusha mitambo ndani ya mwamba, megawati 204 zikiwa kamili, na umeme wake husafiri hadi Ubungo kwa msongo wa kilovolti 220. Msongo hupandishwa ili umeme usipotee njiani: kwa mzigo uleule na waya uleule, ukiupandisha mara kumi, upotevu hushuka hadi sehemu moja ya mia. Kwenye vituo vya kupozea umeme msongo hushushwa hadi kilovolti 33, kisha 11, na mwisho transfoma ya mtaani hutupatia volti 230 za kuwashia taa. Kila hatua ina mafundi wake, na hakuna hatua inayosamehe mkono mzembe.

Wazee wa laini walijua mengine ambayo jedwali haliyasemi. Waliigonga nguzo ya mkaratusi kwa nyundo na kusikiliza, kama mnunuzi anayegonga tikiti sokoni, wakajua kama imeoza ndani ingawa nje ni nzima. Katika miji ya pwani walifahamu kwamba chumvi ya bahari hutanda juu ya vikombe vinavyotenga waya na nguzo, na umeme ukapata njia ya kuvuja. Hivyo walivisafisha mapema. Matawi yaliyosogelea laini waliyakata kabla ya masika, si baada ya giza kuingia.

Leo nikipita mitaani moyo unaniuma. Nguzo zimeinama na hakuna anayeshtuka. Maungio ya waya yamesokotwa kwa mkono bila klampu, kazi ya vishoka, mafundi bandia wanaopanda usiku. Mafuta ya transfoma yanaibwa, nyaya za shaba za ardhini zinang'olewa na kuuzwa kwa kilo. Watu wanajenga vibanda chini ya laini kubwa, kisha tunashangaa maafa yakitokea. Nasi watumiaji tumezoea kumkumbuka fundi siku umeme unapokatika tu, na hata siku hiyo tunamkumbuka kwa matusi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi nyufa tunaziona kila siku, tunazipita.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, nasi tunalionea fahari kwa haki. Lakini bwawa haliwashi taa bila waya, na waya hauaminiki bila fundi aliyefundwa. Wazee wa laini wanastaafu mmoja baada ya mwingine, na kila anayeondoka bila mwanafunzi anaondoka na jicho ambalo halinunuliwi kwa zabuni. Wenye mamlaka, wapeni wazee hawa vijana wa kukaa nao kwenye nguzo kwa miaka, si kwa wiki. Nawe msomaji, mkatae kishoka hata akiwa rahisi, acha wazi njia ya laini, na ukimwona fundi juu ya nguzo mvuani, mpe heshima yake.