Masega Yakikatwa, Taa Ikawaka

Muulize fundi wa ekzosi wa Namuwongo, Kampala, kama kukata masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba, huwasha taa ya injini, na huenda akakujibu kwamba ameyakata kwenye magari chungu nzima na taa haikuwaka. Hasemi uongo. Mwenye Toyota Premio ya 2012 aliyetolewa masega juzi, na sasa taa ya manjano inamkodolea macho kila akiwasha gari, naye hasemi uongo. Kinachowatenganisha ni mwaka wa gari, na nyuma ya mwaka huo kuna sheria mbili, moja ya Japani na nyingine ya Uganda.

Japani ilianza mwaka 2000 kutaka gari lijipime lenyewe, lakini kipimo cha kwanza kilikuwa chepesi: kompyuta ilitafuta zaidi waya uliokatika au sensa iliyokufa. Haikulazimika kujua kama masega yanafanya kazi. Sharti hilo lilikuja na kanuni za awamu ya pili, zilizoanza Oktoba 2008 kwa modeli mpya na kuyafikia mwaka 2010 magari ya modeli zilizokuwa bado kiwandani. Marekani ilikuwa imefika hapo tangu magari ya 1996. Ndiyo maana gari la soko la Japani la 2003 lingeweza kubaki na bomba tupu na kompyuta isiseme neno, mradi sensa zimerudishwa na waya ni mzima.

Uganda nayo, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018, ilizuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Piga hesabu. Kufikia 2025, gari la Japani linaloingia Kampala kihalali limetengenezwa 2010 au baadaye, yaani karibu yote sasa yana kompyuta inayoyachunguza masega. Mazoea ya gereji yalijengwa juu ya magari yasiyojali. Magari yamebadilika, msumeno ni uleule.

Kompyuta hujuaje? Petroli huungua vizuri pale hewa inapokuwa takriban kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta. Sensa ya mbele, kabla ya masega, huilinda hesabu hiyo, na kompyuta huongeza na kupunguza mafuta bila kukoma. Moshi unaotoka hapo hubadilika-badilika: mara oksijeni nyingi, mara kidogo. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, pamoja na madini ya seri yanayoweka akiba ya oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Moshi ukipita humo hutoka umetulia. Kwa hiyo sensa ya nyuma kwenye gari zima huonyesha volti zisizotikisika sana, karibu 0.6 hadi 0.7. Toa masega, na sensa ya nyuma itaanza kurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Kompyuta ikiona hivyo katika safari mbili mfululizo, huandika msimbo wa kosa P0420 na kuwasha taa.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Msimbo unatajwa, sensa ya nyuma inalaumiwa, mteja anatumwa soko la Kisekka kununua nyingine. Sensa mpya inafungwa, na baada ya siku chache P0420 inarudi, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikisema kweli. P0420 si ugonjwa wa sensa. Misimbo ya sensa ya nyuma yenyewe huanzia P0136 hadi P0141, na P0141 huhusu hita yake. Baada ya kazi ya kuchomelea, huu wa mwisho nausadiki haraka: waya umeachwa ukagusa bomba la moto ukayeyuka, au plagi ilivutwa kwa nguvu. Mita ya umeme huumaliza ubishi. Hita nzima ya sensa ya nyuma ya Toyota, ikiwa imepoa, mara nyingi husoma kati ya omu 11 na 16.

Kuna adui wa tatu, na ndiye mjanja zaidi: tundu dogo kwenye mshono. Mtu angedhani moshi utatoka tu. Hutoka, lakini moshi wa injini husafiri kwa mapigo, na katikati ya mapigo bomba huvuta hewa ya nje. Tundu likiwa mbele ya sensa ya kwanza, kompyuta huona oksijeni ya ziada, hudhani mafuta ni machache na kuyaongeza. Gari linakula petroli, na msimbo unaojitokeza ni P0171, unaompeleka fundi kwenye pampu na injekta zisizo na kosa. Dalili ya kumnasa ni hii: tazama kwenye mashine ya kusomea misimbo marekebisho ya mafuta gari likiwa limesimama, kisha pandisha mizunguko hadi 2,500. Nyongeza ikiwa kubwa gari likiwa limesimama na kushuka ukikanyaga, hewa inaingia mahali fulani. Inaweza kuwa upande wa kuvuta hewa pia, kwa hiyo kagua kote kuwili. Kwenye ekzosi, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa injini ikiwa imewashwa lakini ingali baridi, paka maji ya sabuni kwenye mishono, utafute mapovu. Masizi meusi pembeni mwa gasketi husema jambo hilohilo bila sabuni.

Yote haya yanadai mashine inayoonyesha namba zinazotembea. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyounganishwa na simu huingia vizuri kwenye soketi ya gari la Japani la zamani kisha havielewani nalo, maana umbo la soketi ni moja lakini lugha si moja. Na msimbo usifutwe kabla ya kusoma kumbukumbu ya wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mzigo wa injini. Ukifuta, umefuta na ushahidi.

Dawa za mkato zipo. Kipande cha chuma huiinua sensa ya nyuma nje ya mkondo wa moshi ili isione mawimbi. Wengine huunga rezista na kapasita. Wengine huandika upya programu ya kompyuta. Zinaweza kufanya kazi. Balbu ya taa ya injini iking'olewa ni jambo jingine kabisa, kwani taa hiyohiyo ndiyo humweka dereva macho ikipepesa kwa silinda isiyowaka. Na kama masega yalitolewa kwa kuwa yaliziba, ulizia kwanza yalizibwa na nini. Injini inayokula oili itayaua na mapya. Ulizia pia yamekwenda wapi: mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000, na aliyekukatia bure huenda hakukukatia bure.

Kwa gari la 2010 kuja mbele, kurudisha masega ndiyo kazi yenyewe. Ya bei ya chini yana madini machache na huchoka mapema. Ya asili yaliyotumika, kutoka gari lile lile, mara nyingi ni bora, ukipima kwanza.

Kisha gari liendeshwe. Foleni ya kutoka Namuwongo kwenda mjini haitoshi, kwa kuwa kompyuta hungoja mwendo wa kasi usiobadilika kwa dakika kadhaa kabla ya kuyapima masega. Mteja anaondoka taa imezimwa, anazunguka mjini wiki nzima kwa amani, anakwenda Masaka, taa inawaka njiani. Barabara ya kulipia ya Entebbe inafaa zaidi kwa jaribio kuliko uwanja wa gereji. Gari likirudi kutoka huko, mashine ikionyesha kipimo cha masega kimekamilika na sensa ya nyuma imetulia karibu na 0.65, hapo fundi alipwe salio lake.