Mkono wa Mlezi

Katika mashindano ya ABU Robocon, yanayokutanisha vyuo vya Asia na Pasifiki tangu 2002, na Misri pia, timu huwa na wanafunzi watatu na mwalimu mmoja. Mara nyingi pambano huwa la dakika tatu. Wanafunzi huingia uwanjani na roboti zao. Mwalimu hubaki nje. Miezi yote aliyokesha nao karakanani haimpi ruhusa ya kukaza hata nati moja. Naipenda kanuni hiyo kuliko zote za mchezo, kwa sababu imekigusa kiini cha ufundi ninaotaka kuusifu hapa: ufundi wa mlezi wa klabu ya roboti chuoni.

Chukua hitilafu ambayo karibu kila klabu huipata. Roboti ikiwa mezani haina neno: sensa zinasoma, taa zinawaka. Ikishushwa sakafuni na kuamriwa kukimbia, inashtuka, inazimika, kisha inajiwasha upya. Vijana wanaikimbilia programu, wanaipekua mstari kwa mstari hadi usiku wa manane. Mlezi ameshajua tangu mshtuko wa kwanza. Mota zinapoanza kuzunguka hunyonya umeme mwingi kuliko zikiwa mwendoni. Volti ya betri inaporomoka ghafla, na kompyuta ndogo inayotegemea betri ileile inazimika. Angeweza kuyasema hayo kwa pumzi moja na wote wakaenda kulala. Hasemi. Anauliza tu, "Mmepima volti pale mota zinapoanza?" Anawasogezea oskiloskopu, kisha anakwenda kuchemsha chai.

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Mwenye kuliuliza lazima ajue jibu, ajue fikra za wanafunzi zimefika wapi, na ajue wamebakiwa na uvumilivu kiasi gani. Likija mapema mno, linawanyang'anya ugunduzi. Likichelewa mno, yule wa mwaka wa kwanza ameshakwenda bwenini na karakana haitamwona tena. Sijui kitabu kinachofundisha kipimo hicho. Mlezi hukipata kwa kuwatazama nyuso.

Subira hiyo ina mpaka. Seli ya lithiamu-polima ikichajiwa kupita volti 4.2, au ikitobolewa, inaweza kushika moto ambao ndoo ya maji mkononi si tiba ya kutegemea. Betri ikianza kuvimba, mlezi mwema haulizi swali. Anapaza sauti, anawatoa watu, na darasa linafuata baadaye.

Aliyeupa ufundi huu sura tunayoijua leo ni Woodie Flowers, mtoto wa mchomeleaji wa Louisiana aliyekuja kuwa profesa wa MIT. Miaka ya 1970, katika somo la usanifu, alimpa kila mwanafunzi mfuko wa vikorokoro vya aina moja na kazi moja ya kufanya, na mwisho wa muhula mashine zao zikakutana kushindana mbele ya umati. Vifaa ni vilevile, majibu hayafanani hata mawili. Kwetu mfuko kama huo unaweza kujazwa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi: mota ya waipa ya gari bovu, yenye volti 12 na gia yake ya ndani, inainua mkono wa roboti bila kusubiri mzigo wa ng'ambo. Ninaposikia chuo kikisema hakina uwezo wa kuwa na klabu, nauliza kwanza kama kimewapa vijana ufunguo wa karakana usiku. Ufunguo, umeme, na fedha ya kipuri cha pili, maana cha kwanza kitaungua, hutangulia mashine za bei kubwa. Na saa za mlezi zihesabiwe katika mzigo wake wa kufundisha, kwa sababu ni kufundisha.

Flowers alifariki 2019. Pamoja na mvumbuzi Dean Kamen alikuwa amelijenga FIRST, shirika la mashindano ya roboti kwa wanafunzi wa shule, ambalo tangu 1996 hutoa tuzo yenye jina la Flowers kwa walezi wa timu. Mlezi hajipendekezi mwenyewe, wala hapendekezwi na mkuu wake wa kazi. Wanaoketi na kuandika kwa nini anastahili ni wanafunzi wake.