Laptopu mbili, bila ruta wala mega

Huko Lweba, nchini Kongo (DRC), kando ya Ziwa Tanganyika, laptopu mbili zikiwa juu ya meza moja, wengi hutuma faili kwa WhatsApp. Faili linapanda mnara, linavuka hadi seva za ng'ambo, kisha linarudi meza ileile, na mega zimekwisha. Intaneti ikikatwa, kama ilivyokatwa Kongo nzima tangu 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi, njia hiyo inafungwa. Flashi nayo husambaza virusi.

Waifai inaweza kuziunganisha laptopu hizo bila intaneti, na kazi ya ruta hapa ni ndogo: kutangaza jina la mtandao na kugawa anwani za IP. Kadi ya waifai ya laptopu inaweza kuifanya.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Kanuni za waifai za 1997 ziliruhusu mashine mbili kuongea moja kwa moja, na Windows XP ilikuwa na menyu yake. Lakini ulinzi wake kwa kawaida ulikuwa WEP, unaovunjwa kwa dakika chache, na Windows 8 iliiondoa menyu hiyo.

Njia ya pili ni kuifanya laptopu moja iwe kituo cha waifai. Windows 7 iliiwezesha kwa amri ya netsh, ila viendeshi vingi vipya vya kadi haviikubali tena. Windows 10, tangu 2016, ina kitufe chake, lakini kwa kawaida hugoma pasipo intaneti ya kugawa. Linux haina sharti hilo: amri ya nmcli device wifi hotspot inatosha.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza Lweba: simu ya Android. Zima data kwanza, kisha washa mtandaopepe (hotspot) na uunganishe laptopu zote mbili. Simu inagawa anwani bila kula mega hata moja. Ukisahau kuzima data, Windows inaweza kuanza kujisasisha kwa gharama yako.

Kuunganisha ni nusu ya kazi. Kwenye laptopu ya Windows yenye faili, weka mtandao huo kuwa wa faragha, kwa sababu ukiwa wa umma kinga-mtandao huzuia wageni. Shiriki folda moja tu, tena kwa nenosiri. Kwenye laptopu ya pili, nayo ikiwa ya Windows, fungua folda yoyote, na katika kisanduku cha anwani kilicho juu andika mikwaju miwili ya nyuma (\\), kisha anwani ya IP ya ile ya kwanza.

Gigabaiti moja kwa Bluetooth huchukua saa nzima au zaidi. Kwa waifai ni dakika chache, hata kama kupitia simu kunapunguza kasi kwa kuwa kila kipande husafiri hewani mara mbili.

Mwenye Linux atumie laptopu yake. Mwenye Windows aanze na simu. Kazi ikiisha, zima mtandaopepe na uache kushiriki folda.