Sabufa Imenyamaza: Fuata Njia ya Sauti

Runinga bapa ikitoa sauti nyembamba haijaharibika. Spika zake ni ndogo, zimebanwa nyuma na kuelekezwa chini. Ndiyo maana vibanda umiza, kuanzia Kibiti mjini hata maeneo ya delta ya Mto Rufiji kama Mbwera na Salale, hufunga sabufa. Na hapo kwenye kufunga ndipo matatizo mengi huzaliwa.

Kubwa kuliko yote liko nyuma ya runinga. Matundu mekundu na meupe, kwa runinga nyingi za sasa, ni ya kuingizia sauti. Mtu huchomeka sabufa humo, akaongeza sauti hadi mwisho, kimya. Kesho yake sabufa nzima iko kwa fundi. Sauti hutokea kwenye tundu la hedifoni au HDMI iliyoandikwa ARC. Kwa kuwa sabufa za bei nafuu mara nyingi hazina ARC, kinachohitajika ni waya wenye jeki ndogo upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Pandisha sauti ya runinga kiasi cha robo tatu, kisha ongeza na kupunguza kwenye sabufa yenyewe.

Wengine huitoa sauti moja kwa moja kwenye king'amuzi. Inafanya kazi, ila runinga huchukua muda kidogo kuiandaa picha, na sauti iliyopita kando haiisubiri: mtangazaji anaweza kushangilia bao kabla mpira haujavuka mstari. Kwa kibanda cha mpira siikubali njia hiyo.

Mngurumo ni jambo jingine, na unaweza kutokana na umeme. Mto Rufiji unazungusha mitambo ya megawati 2,115 kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lakini nyumba nyingi za visiwani mwa delta bado zinategemea sola, betri na inveta. Inveta ya bei rahisi hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi, na sabufa huyageuza kuwa kelele. Chomoa waya wa sauti, uiache sabufa ikiwaka. Mngurumo ukibaki, chanzo ni umeme au sabufa yenyewe. Ukikoma, unaingia kupitia waya. Rudisha waya, kisha chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi, maana mara nyingine hupitia huko. Kama tatizo ni inveta, tafuta sabufa iliyoandikwa DC 12V, uiunge kwenye betri kupitia fyuzi, ukizingatia chanya na hasi. Isiyoandikwa hivyo usiijaribu.

Huku pwani chumvi nayo inakula vichwa vya waya. Sauti ikikwaruza au upande mmoja ukakatika unapogusa waya, zima vyombo vyote, futa kutu ya kijani kwa spiriti na uache pakauke. Ikirudia, badilisha waya kabla hujafungua skrubu hata moja ya sabufa.