Ruta ya Waya ya Bei Nafuu kwa Ofisi za Mbeya na Iringa

Tangu Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, kupita Iringa na Mbeya hadi Tunduma mpakani mwa Zambia, na waya wa SEACOM kutokea baharini hadi Dar es Salaam mwaka huo huo, kizuizi cha kasi kwa mwenye ofisi, shule au hosteli katika Nyanda za Juu Kusini aghalabu hakiko tena njiani baina ya mji wake na pwani, bali kimehamia mezani pake, katika ruta inayopokea huduma ya faiba na kuigawa kwa kompyuta zake.

Tuchukue ruta mbili za MikroTik, kampuni ya Latvia, zinazokaribiana mno kwa wajihi na jina. hEX lite ina poti 5 za megabiti 100 kwa sekunde. hEX ya modeli RB750Gr3 ina poti 5 za gigabiti 1. Bei zilizotangazwa na kiwanda zilikuwa kama dola 40 za Marekani kwa ile ya kwanza na kama dola 60 kwa ya pili, na katika tafauti hiyo ndogo mna hasara kubwa au salama kubwa, kwani poti ya megabiti 100, baada ya kutoa ushuru wa vichwa vya pakiti, humpa mtumiaji takriban megabiti 94 tu, hata akiwa analipia 200 kila mwezi. Aidha, mwenye huduma ndogo asidhani suala hili halimhusu: mafaili yanayohamishwa baina ya kompyuta mbili za ofisi moja kwa kupitia ruta hiyo hayatokei nje hata kidogo, nayo yatakwenda kwa kasi ya poti.

Lakini poti peke yake si dhamana. Mpando wa Mlima Kitonga wawafundisha wasafiri wa Iringa kwamba lami ile ile haileti mwendo ule ule, na ndani ya ruta mpando huo ni prosesa. hEX ina prosesa ya viini 2 vya megahezi 880, ilhali hEX lite ina kiini 1 cha megahezi 850. Pakiti zinapopita bila masharti mengi, RouterOS, programu endeshi ya ruta hizi, huziharakisha kwa njia iitwayo FastTrack. Ila mwenye hosteli anapotaka kumkadiria kila mpangaji kasi yake kwa foleni, shuruti pakiti hizo ziondolewe katika njia ile ya mkato, kwa kuwa FastTrack huziruka foleni, na hapo prosesa hubeba mzigo wote. Kwa rai yangu, hili ndilo swali kubwa kuliko yote, nalo ndilo fundi aulizwe mwanzo: je, utagawa kasi kwa kila mtu, au utaiacha wazi?

Waya nao una hukumu yake. Megabiti 100 hutumia nyuzi 4 kati ya 8, bali gigabiti yazitaka zote 8. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, ruta nzuri huweza kushuka kimya kimya hadi 100, na mnunuzi akailaumu bure.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya kiwanda havilitilii mkazo kwa ajili yetu: radi za miezi ya Novemba hadi Aprili. Waya wa shaba uliovutwa baina ya majengo mawili ya shule huwa njia ya umeme wa radi kuingia katika vifaa. Hapo naona ni busara kuongeza fedha na kununua hEX S, yenye tundu la SFP, ili majengo yaungwe kwa faiba isiyopitisha umeme. Ama kukatika kwa umeme, hEX hupokea volti 8 hadi 30, hivyo betri ya volti 12 yatosha kuiendesha.

Nazo ruta ghali zaidi zenye poti za gigabiti 2.5 ni anasa kwa asiyelipia huduma inayozidi gigabiti 1. Basi msomaji unayekwenda dukani Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, soma kwanza maandishi ya boksi: ukiona 10/100 pekee, rudisha, ukiona 10/100/1000, ndipo uulize bei.