Stendi, Kibano na Kigingi: Uchambuzi wa Istilahi za Kusimika Kamera za Porini

Miongoni mwa istilahi ambazo bado hazijatulia katika Kiswahili cha ufundi ni zile za vyombo vinavyoshika kamera na flashi zinazoachwa porini zipige picha bila ya mpigaji. Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi ya Wamasai kwa unga wa magnesiamu na uzi ulioguswa na mnyama mwenyewe, akachapisha kitabu chake mwaka 1905. Kuanzia 2010 watafiti walisambaza kamera 225 katika kilomita za mraba 1,125 za Serengeti, zikiwa ndani ya makasha ya chuma, juu ya miti au nguzo, kiasi cha sentimita 50 kutoka ardhini. Vyombo tunavyo, yanayoyumba ni maneno.

Neno linalotumika kuliko yote ni "stendi". Hatuna ugomvi na asili yake, kwani Kiswahili kimekopa mengi na kikanawiri. Ubaya wake ni kwamba linabeba mizigo minne kwa pamoja. Tuchukue mfano wa Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga. Huo ni upande wa Mlima Meru usiopata mvua nyingi; miti si mingi, upepo una vumbi, mbuzi wanapita kila mahali. Tuseme mfugaji ataka kujua fisi wangapi wanazunguka boma lake usiku, na afisa anayemsaidia anaandika katika fomu ya ununuzi: "stendi za kamera, 4". Mzabuni ataleta miguu mitatu myepesi ya studio, maana ndiyo stendi aijuayo, nayo itakuwa imelala chini kabla ya fisi wa kwanza kufika.

Hapana budi basi kutaja chombo kwa namna kinavyoshika. Kinachosimama chenyewe tukiite kiweko cha miguu mitatu. Wako wanaopendekeza "kiegemeo", lakini kamera haiegemei kitu hapo; imewekwa juu. Sababu ya miguu kuwa mitatu kila mpishi wa Kiswahili anaijua kwa mafiga: nukta tatu hukaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde, ambapo nukta nne hutikisika. Kiweko kikihitaji uzito, kitundikwe kiroba cha mchanga. Neno hilo watu wameshalizoea wakati wa mafuriko.

Kinachouma tawi au ubao kwa skrubu ni kibano. Mafundi seremala wa zamani wangesema jiliwa, nami nalipenda neno hilo, ila jiliwa hukaa juu ya meza ya fundi, na vijana wengi hawalijui tena. Mtafsiri ajihadhari na "mabano", ambayo ni alama za uandishi. Kile chuma kilichopinda, kinachotoka mtini na kubeba kamera mbele yake, kinafaa kuitwa kikono. Kichwa kinachogeuka kila upande tukiite kichwa cha gololi, kwa kuwa ndani yake mna gololi kweli. Skrubu inayoingia chini ya kamera ina unene wa robo inchi na hesi 20 kwa kila inchi karibu duniani kote. Ikiandikwa hivyo katika fomu, ubishi wa dukani utapungua sana.

Kitenzi nacho kina matata. "Funga kamera kwenye mti" haina shaka, lakini "ukishafunga kamera, subiri dakika mbili" yaweza kumaanisha umeisimika, umeikaza mkanda au umeizima. Katika maelekezo ya matumizi yafaa kusimika, kukaza na kuzima vitenganishwe, hata kama mazungumzo ya mitaani yataendelea kufunga kila kitu.

Neno zito kuliko yote ni "kigingi". Pasipo na mti wa kutegemewa, kamera huwekwa juu ya chuma kilichochomekwa ardhini, na mfasiri wa haraka atakiita kigingi. Kwa Kiswahili cha kamusi hajakosea. Lakini barua ikifika ofisi ya kijiji mkoani Arusha ikisema "wataalamu watakuja kusimika vigingi", hakuna atakayefikiria kamera. Mwezi Juni 2022 uwekaji wa vigingi vya mpaka Loliondo, katika eneo la kilomita za mraba 1,500, ulileta mapambano baina ya wakazi na askari. Na huku Meru kwenyewe kumbukumbu ni ya zamani zaidi: mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Istilahi inayomfanya mwananchi aogope kunyang'anywa malisho yake haifai, hata ikiwa sahihi kisarufi. Iandikwe "nguzo fupi ya kamera", na urefu wake utajwe.

Ni hivyo hivyo kwa "mtego wa kamera", ambayo ni tafsiri sisisi. Uzi wa Schillings ulikuwa mtego kwa haki. Kamera ya leo huhisi joto la mwili linalopita, wala haimnasi mnyama. Mbele ya wafugaji na askari wa wanyamapori, ambao kwao mtego ni chombo cha jangili, "kamera ya kujipiga" ni salama zaidi, ingawa nakiri haina utamu.

Kuhusu flashi, nashauri tuiache. "Kimulimuli" ni taa inayowaka na kuzimika mfululizo, ilhali flashi humweka mara moja. "Mmweko" na ubaki kuwa jina la mwanga wenyewe. Hivyo mwalimu ataweza kusema kwamba flashi isimikwe kwenye kikono chake, mbali kidogo na kamera, ili mmweko usirudi moja kwa moja kutoka machoni mwa fisi na kuyafanya yang'ae katika picha.